Baba Yangu Alipanga Foleni

Kwa aliyenikosa wiki jana hapa gazetini, nitamrudisha njiani kwa maneno machache.

Mimi ni yule binti wa fundi cherehani, mtoto wa wahamiaji, niliyeingia chama cha wahafidhina watu wakinicheka lafudhi, nikapanda mpaka nikawa Naibu Waziri. Nilipanda kwa sentensi moja. Kila jukwaa niliposimama niliisema: "Baba yangu alipanga foleni." Maana yake, na wengine nao wapange. Magazeti yakanibatiza Binti Foleni. Nikaona sifa.

Kwa sentensi hiyo hiyo nikaipitisha Sheria ya Uhakiki. Kila aliyeingia nchini kama mhamiaji, hata kama ni miaka arobaini iliyopita, aende akaweke kidole gumba, kilinganishwe na alama iliyomo kwenye faili lake la mpakani. Ikilingana, abaki. Isipolingana, ashikwe siku hiyo hiyo, maswali baadaye.

Hayo maneno "siku hiyo hiyo" hayakuwemo kwenye rasimu. Niliyaongeza mimi, kwa kalamu yangu, nikiwa nakunywa chai.

Niliishia pale aliposimama Chaki. Chaki ni mbunge wa upinzani, mwalimu wa zamani, mpaka leo akiongea hupangusa vidole kana kwamba ametoka ubaoni.

"Mheshimiwa Spika," alisema, "Naibu Waziri naye aliingia nchi hii akiwa na miaka minne. Yeye anahakikiwa lini?"

Nikafungua mdomo. Kabla sauti haijatoka, Mwenyekiti wa chama chetu alikuwa ameshasimama.

"Alhamisi," alisema. "Saa nne asubuhi. Waandishi wote wanakaribishwa."

Upande wetu ukapiga makofi. Na mimi nilipiga. Nilipiga mpaka viganja vikaniwasha.

Hiyo ilikuwa Jumatatu.

Nilitoka bungeni nikaenda moja kwa moja dukani kwa baba. Miaka sita nimemwomba aache kazi, na miaka sita ananijibu kwamba nikitaka apumzike nimtafutie wateja wasiokuwa na haraka. Nilimkuta ameinamia suruali ya mtu mnene, pini zimemjaa mdomoni.

"Shikamoo, baba."

Akaitikia kwa pua.

"Alhamisi nakwenda kuweka kidole mbele ya kamera," nilimwambia. "Nataka tuende wote. Wewe uliyepanga foleni, na mimi niliyebebwa. Itapendeza kwenye picha."

 Baba alianza kutoa pini mdomoni, moja moja, akizichomeka kwenye kimto chake. Zilikuwa nyingi. Alipotoa ya mwisho akasema:

"Usiende."

Nikacheka. "Kwa nini nisiende?"

"Wewe ni mkubwa. Wakubwa hawakosi sababu. Ugua."

"Baba, sheria yenyewe ni yangu."

"Ndiyo maana nakwambia ugua."

Akageuka, akakaa kwenye cherehani, akaanza kukanyaga. Nilisimama nikimtazama mgongo. Kisha nikaona kitu kilichonifanya niondoke bila kuaga. Sindano ilikuwa inapanda na kushuka kwa kasi, lakini chini yake hapakuwa na kitambaa.

Sikulala vizuri. Jumanne asubuhi nilimtuma katibu wangu awaambie wizarani nina miadi, nikaenda nyumbani kwa wazee. Baba alikuwa ameshaondoka. Mama alikuwa jikoni, miguu kwenye beseni la maji ya moto. Alifua mashuka ya hospitali miaka thelathini, na sasa magoti yanamdai kila siku.

"Mama, kuna nini kwenye faili letu?"

Hakuniuliza faili gani. 

"Baba yako amekwambia?"

"Ameniambia niugue."

Mama akatoa mguu mmoja majini, akaufuta, akaurudisha. "Funga mlango," alisema.

Nikafunga.

"Nimekuwa nikimwambia baba yako, tumwambie huyu mtoto. Tulipopata chumba chetu cha kwanza nilimwambia. Ulipoolewa nilimwambia. Ulipoingia siasa nikamwambia, sasa ndiyo lazima. Yeye anasema ukijua utaanguka. Nikakuona unapanda tu, unapanda tu, nikaogopa zaidi. Aliye juu ndiye anayeanguka vibaya."

"Mama, niambie."

"Tulipofika pale mpakani tulikuwa watatu," alisema. "Mimi, baba yako, na mtoto wetu wa kike. Siku ya kwanza wakatuchukua vidole. Wakampaka na mtoto wino, akawa anafurahi, akajipaka usoni. Wakatuambia tupange foleni, tukiitwa dirishani tutapewa karatasi. Tulipanga siku tisa."

Hadithi ya siku tisa naijua. Nimeisimulia kwenye viwanja vya mpira, kanisani, msikitini, kwenye mikutano ya wenye viwanda. Nilikuwa nimeanza kutikisa kichwa kama mtu anayesikia wimbo wake.

"Siku ya saba mtoto akashikwa na kipindupindu," Mama akasema. "Wakamchukua, wakampeleka kwenye mahema ya waliotengwa. Hakuruhusiwa mtu. Lakini jioni kulikuwa na muuguzi mmoja akikuona unalia anakuachia upite. Nikamwambia baba yako, nenda kamwone. Yeye alikuwa wa kumi na saba kutoka dirishani. Akitoka kwenye mstari, anarudi nyuma ya watu elfu mbili. Akasema, tukishapata karatasi tutampeleka hospitali ya kweli huko ng'ambo. Tuvumilie kesho tu."

Maji kwenye beseni yalikuwa yanatetemeka. Miguu yake ndiyo iliyokuwa inatetemeka.

"Asubuhi mhudumu akapita kwenye foleni anasoma majina ya waliokufa usiku. Akalisoma jina la mwanangu."

"Jina gani?"

Nilijua jibu. Niliuliza tu ili nisilisikie haraka.

"Hilo unaloitwa," Mama akasema.

Nilitafuta kiti. Kilikuwa karibu, lakini ilinichukua muda kukiona.

"Hawakutuonyesha maiti. Wa kipindupindu walizikwa pamoja, kwa chokaa. Siku ile ile, kwenye turubai la jirani, kulikuwa na mwanamke ambaye alikuwa akinichotea maji. Mtu mwema, mcheshi. Naye walimbeba asubuhi, adhuhuri wakasema amekwisha. Akaacha mtoto wa kike amekaa juu ya ndoo. Hana baba, hana shangazi, hana mtu. Watoto wa namna hiyo walikuwa wanarudishwa kule tulikotoka, na kule tulikotoka kulikuwa kunawaka moto. Siku ya tisa tukaitwa dirishani. Afisa akauliza, watatu? Baba yako alikuwa amekushika mkono. Akasema, watatu. Afisa hakuinua hata macho. Akagonga muhuri."

"Mtoto wa juu ya ndoo ni mimi."

"Ni wewe, mwanangu."

"Na jina langu?"

 "Tulipovuka tulikufundisha kuitikia jina jipya siku tatu," Mama alisema. "Ulikuwa mwepesi kushika. Lile la kwanza baba yako alinikataza kulitamka hata chumbani. Na sasa nikilitafuta silipati. Nisamehe. Kweli nimelitafuta."

Nilipoinuka kuondoka akanishika gauni.

"Yale maneno yako ya foleni. Kila ukiyasema redioni, baba yako huzima. Mteja akiwemo dukani, anasema betri zimekufa. Mwanangu, yeye alikuwa kwenye foleni wakati mtoto wake anakata roho. Wewe unamsifia kitu hicho mbele ya taifa zima, mwaka wa kumi na tano sasa."

Nilikaa ndani ya gari nusu saa. Dereva akaniuliza mara mbili tunaelekea wapi. Nilikuwa natazama kidole gumba changu. Nilikuwa nakiogopa kama vile si changu, kama mtu kanipandikizia.

Nilipiga hesabu ya mambo. Kidole changu hakitalingana na cha mtoto aliyejipaka wino usoni. Nitashikwa siku hiyo hiyo, mbele ya kamera, kwa maneno yangu mwenyewe. Na baba, mzee wa miaka sabini na sita, atashikwa kwa kusema "watatu".

Jumatano asubuhi nilikwenda kwa Mwenyekiti. Ni mtu wa sauti ya chini, mwenye tabia ya kupanga kalamu mezani kwa urefu. Nilimwambia nadhani tusogeze mbele zoezi la kesho, wiki mbili hivi, wizara ina mambo.

Aliendelea kupanga kalamu.

"Unajua kwa nini nilikuchagua wewe?" aliniuliza. "Tulikuwa na wanasheria, tulikuwa na mabwana wenye majina makubwa. Wangeisema sheria hii wao, tungeitwa wabaguzi. Ukiisema wewe, wananyamaza. Wewe ndiye karatasi yetu safi."

"Naelewa, Mwenyekiti."

"Kuna kitu? Kama kipo, niambie sasa hivi, hapa, mimi na wewe. Nikikisikia kwako nitakitafutia dawa. Nikikisikia kwa Chaki, sikujui."

Hapo ningeweza kusema. Wasomaji wangu, mlango ulikuwa wazi kabisa, na aliyeushika alikuwa ananisubiri nipite. 

"Hakuna kitu," nilisema. "Ni uchovu tu."

"Basi kesho saa nne," akasema, na kalamu ya mwisho akailaza.

Nilirudi ofisini. Nikamkuta katibu wangu amesimama mlangoni na karatasi. Huyu ni dada mmoja mpole, mwenye kutembea kama hataki sakafu imsikie. Siku moja kabla, bila kumweleza sababu, nilikuwa nimemwomba awaulize watu wa kumbukumbu kuhusu mafaili ya mwaka wetu.

"Mheshimiwa, wamejibu," alisema. "Wanasikitika sana. Mafaili ya mwaka ule yote yaliungua. Kulikuwa na hitilafu ya umeme ghalani."

"Yote?"

"Wanasema yote. Kwa hiyo hakutakuwa na alama ya kulinganisha. Kwa watu wa mwaka huo, utaratibu ni mzazi mmoja tu kula kiapo mbele ya afisa."

Nilimkumbatia. Maskini, hakujua afanye nini na mikono yake. Kisha nikaagiza chakula, nikala sahani mbili, mimi ambaye tangu juzi nilikuwa nameza mate tu.

Mchana huo nikarudi dukani kwa baba. Safari hii hakuwa na pini mdomoni.

"Mama kaniambia yote," nilisema.

Aliendelea kukata uzi. "Najua. Jana hakunitazama usoni."

"Mafaili yameungua, baba. Hakuna vidole. Kinachotakiwa ni wewe kula kiapo tu."

"Kiapo cha nini?"

"Kwamba mimi ni mtoto wako."

Baba akaweka mkasi chini. Alinitazama, na kwa mara ya kwanza nikaona jinsi macho yake yalivyozeeka.

"Hicho nitakula," alisema. "Hicho hata wakiniwekea vitabu vyote mezani nitakula, na sitakuwa nimesema uongo."

Nililia hapo dukani, na mteja aliyekuja kuchukua koti lake akajifanya anatafuta risiti mifukoni.

Sasa njooni Alhamisi.

Ofisi ya uhakiki iko ghorofa ya pili kwenye jengo la zamani la posta. Chini ukumbini waandishi walikuwa wameshajaa, nyaya zimetapakaa sakafuni, Mwenyekiti anasalimiana nao kwa majina. Tulikubaliana nipande kwanza nimalize taratibu, kisha tushuke mimi na baba na cheti mkononi, tupigwe picha.

Baba alikuwa amevaa suti aliyojishonea mwenyewe. Kwenye korido ya juu kulikuwa na benchi refu la mbao, na watu wawili watatu wamekaa na bahasha zao mapajani. Nikamketisha mwisho wa benchi.

"Nitakuita wakati wa kiapo," nilimwambia.

"Niko hapa," alisema. "Siendi popote."

Afisa wa alama za vidole ni mwanamume mwembamba, miwani imefungwa uzi pembeni. Alisimama nilipoingia, akaketi, akasimama tena. Nikadhani ni kwa sababu ya cheo changu.

"Kiapo tu, si ndiyo?" nilisema. "Nimeambiwa mafaili yaliungua."

"Yaliungua, Mheshimiwa. Yote yaliyokuwa ghalani." Akafungua droo, akatoa faili la rangi ya udongo, pembe zimelika. "Hili halikuwa ghalani. Liliwahi kuombwa na ofisi ya takwimu, likasahaulika huko miaka yote. Limerudi mwezi uliopita."

 Alilifungua mbele yangu. Kulikuwa na alama za mtu mzima, mwanamume. Alama za mwanamke. Na chini kabisa, kidole kidogo sana, wino umezidi, kimeteleza kidogo upande kama cha mtoto aliyekuwa anacheka.

"Naomba kidole, Mheshimiwa."

Ningekataa, ningekuwa nimekiri. Nikakiweka. Kioo cha mashine kilikuwa baridi. Tulisubiri sote wawili, yeye anatazama kioo, mimi namtazama yeye.

Taa nyekundu.

"Kifute, tujaribu tena," alisema kwa upole.

Nikakifuta kwa kitambaa. Taa nyekundu.

"Mtoto akikua, alama hupanuka," nilisema. Sauti yangu niliisikia ikitoka mbali. "Pengine mashine imechanganyikiwa."

"Ningesema hivyo hivyo," afisa akajibu. "Kwa heshima yako ningesema hivyo. Tatizo ni kwamba juma lililopita faili hili lilifunguliwa. Kuna mwanamke alikuja. Anafanya kazi kwenye tanuri la mikate, hana karatasi yoyote. Analijua jina lake, jina la baba yake, na mwaka. Anasema alikuwa mgonjwa kwenye mahema pale mpakani, wakamwandika kimakosa kati ya waliokufa, alipopona akaambiwa wazazi wake wameshavuka. Alilelewa na mfagiaji wa wodi. Nikajaribu kidole chake kwenye faili hili, nikitegemea sitapata kitu."

Akavua miwani.

"Ilikubali mara ya kwanza, Mheshimiwa."

Sijui niliwaza nini. Nataka niandike kwamba niliwaza kuhusu Mama, miguu kwenye beseni, na mtoto wake yuko hai. Nilipaswa kuwaza hivyo. Mtu mwenye moyo angepiga magoti palepale. Mimi niliwaza ngazi. Niliwaza jinsi nitakavyoshuka ngazi zile kuelekea kwenye kamera, na nani atakuwa amenishika mkono, baba yangu au polisi.

"Nani mwingine anajua?" niliuliza.

"Mimi na wewe." Alivaa miwani, akavua tena. "Nimebakiza miaka miwili nistaafu. Sikupenda kazi hii inikute. Sheria inasema faili moja, mtu mmoja. Kati yenu wawili mmoja si wa kweli. Mashine inasema ni wewe."

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi ni karani tu. Naandika ninachoambiwa na mkubwa wangu." Akasogeza fomu mbele yangu, taratibu, akitazama dirishani. "Mafaili yaliyozurura nje ya ghala yanaweza kuchezewa. Mtu anaweza kubandika alama yake mahali pa mwenzake. Imewahi kutokea. Ukiniambia limechezewa, nitaandika limechezewa. Halafu nitamwita mzee ale kiapo, kama wale wote ambao hawana faili."

"Na yule mwanamke?"

"Yeye itabidi ashikwe kwa udanganyifu. Siku hiyo hiyo."

Alivyotamka maneno yale matatu, hakuwa anashambulia. Alikuwa anasoma tu kilichoandikwa.

Chini nilisikia Mwenyekiti akicheka na waandishi. Ilikuwa saa nne na dakika ishirini.

Nimeahidi gazeti hili kwamba nitasema ukweli, hata ule ambao adui yangu mwenyewe angeniombea nisiuseme. Basi huu hapa. Hakuna aliyenishika mkono. Hakuna aliyenitisha. Nilichukua kalamu mwenyewe.

"Faili limechezewa," nilisema. "Huyo mwanamke ni tapeli."

"Andika hapo, Mheshimiwa. Na saini hapo."

Niliandika. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri tu, haukutikisika. Hilo ndilo linaloniogopesha mpaka leo.

Afisa akainua simu, akaomba walinzi wawili wapande. Akaiweka karatasi ndani ya bahasha, akaipitisha kwa msichana wa dirisha la pembeni awape. Kisha akapumua kama mtu aliyetua gunia.

"Atatafutwa kwake?" niliuliza. Nilitaka iwe mbali. Nilitaka iwe mtaa mwingine, nisioujua, mlango nisiouona.

"Hapana, si lazima," alisema. "Nilikuwa nimemwambia aje leo kuchukua majibu. Amefika tangu saa mbili. Yuko hapo nje, kwenye benchi."

Nilikuwa nimesimama kabla hajamaliza. Nilifungua mlango kwa nguvu mpaka ukagonga ukuta.

Wale wengine walikuwa wameondoka. Kwenye benchi walibaki wawili. Baba hakuwa tena pale mwisho nilipomketisha. Alikuwa amesogea katikati, na kando yake alikuwepo mwanamke wa makamo, mnene kidogo, kitambaa cheupe kichwani, mikono yake mifupi imefungana mapajani. Walikuwa wamegeukiana kama watu wanaosikilizana kwa muda mrefu. Alikuwa na paji la uso la Mama. Sikuhitaji mashine.

Baba aliniona. Machozi yalikuwa yanamtiririka hadi kwenye kola ya ile suti, na hakuwa anayafuta.

"Mwanangu," aliniita, "njoo. Njoo usikie. Huyu dada tumekuwa tukiongea tu, nikamuuliza anaitwa nani. Ana jina lako. Na baba yake ana jina langu."

Mwanamke akanitazama kwa haya, akatabasamu. Alinitambua kutoka kwenye magazeti, nadhani, kwa sababu alianza kuinuka kuniamkia.

"Anasema aliachwa kwenye mahema," Baba akaendelea, anamshika mkono wa gauni kama anayeogopa upepo utamchukua. "Nimemwambia asiondoke mpaka wewe utoke. Wewe una sauti serikalini. Utatusaidia kuuliza."

 Viatu vizito vilikuwa vinapanda ngazi.

Walinzi walikuwa wawili, vijana, wamenyoosha sare vizuri kwa ajili ya kamera za chini. Wa mbele alikuwa na bahasha yangu. Aliifungua, akaisoma, midomo ikimcheza, akaangaza macho koridoni.

"Nani hapa aliitwa kuchukua majibu ya kidole?" aliuliza.

"Ni mimi," mwanamke akasema. Aliokota mkoba wake sakafuni, akajinyoosha kitambaa kichwani. Uso ulikuwa umemng'aa. "Nimepita?"

 Mlinzi aliiangalia saini kwenye karatasi, kisha akanigeukia mimi, akasimama wima, akingoja nimpe ishara.